Mazoezi ya misuli ya uso ili pande mbili zilingane: mwongozo kamili

Simama mbele ya kioo, tabasamu kama mtu anayepigwa picha, kisha ganda hapo hapo. Usitazame uso mzima, tazama pembe mbili za mdomo tu. Moja iko juu kidogo kuliko nyenzake. Kwa wengine tofauti ni ya unywele, kwa wengine inaonekana hadi kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba. Sasa achia tabasamu polepole na uangalie upande upi umewahi kurudi na upi umechelewa. Kazi yote nitakayoeleza hapa imo katika huo upande unaowahi na huo unaochelewa.

Naanza na hilo kwa sababu mazoezi ya uso hutangazwa kwa ahadi ambazo misuli haiwezi kuzitimiza. Mifupa ya mtu mzima haisogei kwa mazoezi. Pua iliyopinda itabaki imepinda, taya lililo refu upande mmoja halitafupika, na jicho lililokaa chini kwa sababu tundu lake kwenye fuvu liko chini halitapanda. Kinachoweza kubadilika ni jinsi misuli inavyoivuta ngozi: ipi inavuta kupita kiasi, ipi imelala, na ipi inabaki imejikaza hata ukiwa umetulia. Si haba, maana watu hawakuoni ukiwa umeganda kama picha ya pasipoti. Wanakuona ukiongea, ukila na kucheka.

Kwanza kabisa: kama uso umeenda upande ghafla

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye uso wake umekuwa hivyo miaka yote. Kama mdomo umeshuka upande mmoja leo asubuhi, achana na mazoezi na uende hospitali sasa hivi. Kama pamoja na hilo mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, hizo ni dalili za kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Kuna pia kupooza kwa neva ya uso yenyewe, ugonjwa uliopewa jina la Charles Bell, daktari wa Uskoti aliyeandika kuhusu neva hiyo mwaka 1821. Huwezi kuutofautisha na kiharusi kwa kujitazama nyumbani, lakini ukielewa mantiki yake utajua kwa nini daktari atakuambia upandishe nyusi. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, ilhali ile ya mdomo hutegemea zaidi upande mmoja. Kwa hiyo aliyepatwa na kiharusi mara nyingi bado anakunja paji lote, na aliyepooza neva yenyewe nusu ya paji lake hubaki laini na jicho halifungi. Dawa za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, husaidia zaidi zikianza ndani ya saa 72, na jicho lisilofunga lazima lilindwe lisikauke. Mazoezi yake hupangwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Aliyepooza akianza kujikunja uso kwa nguvu bila mpangilio anaweza kujifundisha mambo ambayo baadaye atahangaika kuyafuta, na nitalirudia hili mbele.

Hatua ya kwanza: tafuta uso unapindia wapi

Hakuna uso wa mtu ulio sawa pande zote. Tofauti hutokana na vitu vinne vilivyopandana: mifupa na meno, misuli ya kutafuna, misuli ya kuonyesha hisia, na jinsi unavyobeba kichwa. Mazoezi yanaigusa misuli na shingo. Hayagusi mifupa wala meno. Basi usipoteze miezi mitatu ukifanyia mazoezi kitu ambacho ni mfupa.

Chukua kijiti kirefu kilichonyooka, au rula nyembamba uliyoisafisha vizuri, uiume kwa ulalo kati ya meno ya chonge za kulia na kushoto. Jitazame kwenye kioo ukiwa umenyoosha kichwa. Kijiti kikienda sambamba na mstari unaounganisha mboni za macho yako, mpangilio wa meno yako si tatizo. Kikiinamia upande mmoja waziwazi, meno au taya ndiyo yameinama, na hilo ni la daktari wa meno. Madaktari wa meno wenyewe hutumia kipimo hikihiki, kwa kibao kile cha kukandamizia ulimi.

Kisha weka vidole vitatu kila upande, kwenye kona ya taya chini kidogo ya sikio. Uma meno, achia, uma tena. Utahisi misuli miwili minene ikivimba na kulala. Hiyo ndiyo misuli ya kutafuna, na ndiyo inayomfanya mtu aonekane ana taya pana upande mmoja. Linganisha unene na ugumu. Panda juu hadi kwenye panja, uma tena: hapo napo kuna misuli ya kutafuna, na watu wanaosaga meno usiku huamka pakiwa pamekaza.

Kipimo cha tatu ni kope na nyusi. Fumba macho kama uliyesinzia, bila kukunja chochote, ukae pumzi tano, kisha fumbua. Ule muda mfupi kabla hujajitambua ndio uso wako halisi ukiwa umepumzika. Watu wengi hugundua kwamba unyusi mmoja umekuwa juu mchana kutwa bila sababu.

Mwisho, chora mstari wa wima katikati ya kioo. Mimi natumia pembe ya sabuni, inafutika kirahisi. Weka ncha ya pua kwenye mstari, fungua mdomo polepole hadi mwisho, na ufuatilie uwazi kati ya meno mawili ya mbele ya chini. Taya likiteremka moja kwa moja, vizuri. Likikimbilia kulia, kwa kawaida ni upande wa kulia uliokaza, kwa sababu taya huvutiwa upande usiofunguka vizuri. Langu lilikuwa linakimbilia kulia kama lina miadi huko. Nilikuwa na jino bovu la kushoto nililolipuuza kwa muda mrefu, nikitafuna kulia tu.

Hatua ya pili: piga picha zisizodanganya

Hapa ndipo watu wengi hujiharibia. Wanajipiga selfi kwa mkono ulionyooshwa nusu, wanaona pua kubwa na uso uliopinda, wanashtuka. Hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2018 katika jarida la upasuaji wa uso ilionyesha kwamba picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko ile ya umbali wa mita moja na nusu. Ukigeuza kichwa kidogo tu katika umbali huo mfupi, shavu lililo karibu na simu linavimba na la pili linanyauka.

Kuna mtego mwingine. Uso unaoujua wewe ni wa kwenye kioo, uliogeuzwa kulia kuwa kushoto. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani waliwaonyesha wanawake picha zao za aina mbili, ya kawaida na iliyogeuzwa. Wenyewe walipendelea iliyogeuzwa, marafiki zao wakapendelea ya kawaida. Kila mmoja alipenda alichozoea kukiona. Kwa hiyo ukiona picha yako ukadhani umepindika, kwa sehemu fulani ni ugeni tu. Kabla hujahukumu, geuza picha kwa programu ya simu na uitazame tena.

Weka simu juu ya kitu imara, umbali wa mita moja na nusu, kamera ikiwa sawa na macho yako. Tumia kipima muda, si mkono. Kaa ukitazama dirisha ili mwanga uingie pande zote sawa, kwa sababu kivuli cha upande mmoja kinatosha kukuonyesha shavu lisilokuwepo. Piga ukiwa umetulia, umepandisha nyusi, umefumba macho taratibu, umetabasamu mdomo umefungwa, umetabasamu kwa meno, na umechongoa midomo kama anayepuliza mshumaa. Halafu rekodi video ya sekunde 30 ukisimulia jambo lolote. Video ndiyo yenye ukweli, picha ni za kulinganishia tu. Andika tarehe, funika faili, na usizifungue tena hadi wiki nne zipite. Anayejitazama kila siku haoni mabadiliko, anaona kasoro.

Hatua ya tatu: ondoa kinachouvuta uso kila siku

Dakika kumi za mazoezi haziwezi kushindana na saa nane za tabia. Jino likiuma, litibiwe, kisha urudi kutafuna pande zote. Mwanzoni anza tonge la kwanza kwa upande uliousahau, na uuache mwili uzoee bila kulazimisha. Usihamishie kazi yote huko, maana utatengeneza tatizo lilelile upande wa pili. Ukihisi unakaza meno mchana ukiwa kwenye kompyuta, jifundishe mkao huu: midomo imegusana, meno hayajagusana, ulimi umetulia juu ya kaakaa nyuma ya meno ya mbele, mahali unapougusisha ukitamka herufi N. Mkao huo unapumzisha taya, basi. Wanaodai kwamba kukandamiza ulimi kaakaani kutahamisha mifupa ya mtu mzima hawana uthibitisho.

Simu iliyobanwa kati ya bega na sikio, kiganja kinachobeba shavu moja mezani, mkoba wa bega lilelile kila siku: hivi vinainamisha kichwa. Kichwa kikiinama hata kidogo, macho hayako kwenye mstari mmoja tena na uso mzima unaonekana umepinda wakati wenyewe hauna kosa. Kama kwenye kila picha uliyonayo kichwa kimelalia upande uleule, anzia shingoni. Kaa wima, shusha bega, laza sikio kuelekea bega la upande wa pili hadi uhisi mvuto, tulia sekunde 20, rudia mara tatu. Kuhusu kulala kwa ubavu mmoja nimesoma mengi, ila mimi singejinyima usingizi kwa ajili hiyo.

Hatua ya nne: legeza kabla ya kukaza

Misuli ya hisia ina mambo mawili yanayoitofautisha na ya mkono au mguu. Mingi yake imeshikilia ngozi, haiunganishi mfupa na mfupa, ndiyo maana ikijivuta ngozi inakunjika. Tena kwa kiasi kikubwa haina vile vihisio vinavyouambia ubongo msuli umevutika kiasi gani. Mkono wako unajua ulipo hata gizani, lakini pembe ya mdomo wako haijui. Ndiyo maana unaweza kuishi miaka 30 ukidhani unatabasamu sawa. Misuli ya kutafuna inavyo vihisio hivyo, na inaendeshwa na neva nyingine kabisa.

Kutokana na hayo, mazoezi ya uso ni kujifunza kwa macho. Hayafanyiki bila kioo. Na kwa kuwa mara nyingi upande wenye nguvu hauko tayari kunyamaza, kazi ya kwanza ni kuunyamazisha.

Nawa mikono. Loweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, kikamue, kiweke juu ya taya na shavu lililokaza kwa dakika mbili. Kisha tumia vidole viwili kukanda kwa miduara midogo, kuanzia chini ya mfupa wa shavu hadi kona ya taya, mdomo ukiwa umelegea. Ukipata fundo linalouma, tulia juu yake pumzi tatu, usilisugue. Halafu ingiza kidole gumba safi ndani ya shavu, vidole vingine vikiwa nje, na uvute shavu taratibu kutoka kwenye meno, ukitembea kutoka karibu na sikio kuelekea pembe ya mdomo. Utahisi kamba kamba zilizokaza. Dakika moja inatosha. Anza na upande wenye nguvu, uupe muda mrefu zaidi.

Hatua ya tano: mazoezi yenyewe

*Taya.* Rudi kwenye mstari wa sabuni. Bandika ncha ya ulimi kaakaani na uache hapo. Fungua mdomo kadiri ulimi unavyoruhusu, polepole, meno ya chini yakifuata mstari. Yakianza kutoroka, simama, rudi nusu, anza tena. Mara sita. Taya likitoa mlio bila maumivu, usifungue zaidi ya hapo. Likiuma au kukwama, acha na umwone daktari wa meno.

*Tabasamu.* Hili ndilo zoezi lililo muhimu kuliko yote, na ndilo linalofanywa vibaya kuliko yote. Watu hutabasamu kwa nguvu zao zote mara hamsini. Matokeo yake upande wenye nguvu unazidi kuwa na nguvu na ule dhaifu unaendelea kuburutwa nyuma.

Tuseme pembe yako ya kushoto ndiyo inayochelewa. Weka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye mfupa wa shavu la kushoto, pale msuli wa tabasamu unapoanzia. Kidole hicho hakivuti, kinauonyesha ubongo mahali tu. Weka kidole cha mkono wa kulia kando ya pembe ya kulia ya mdomo, ukikandamize kwa wepesi kana kwamba unamwambia mtoto "subiri". Sasa jaribu kupandisha pembe ya kushoto pekee kuelekea kidole, kidogo sana, milimita mbili tatu. Hesabu moja hadi tatu ukipanda, tulia tatu, shuka kwa tatu. Unaposhuka usiangushe, telemsha.

Siku za mwanzo huenda hakuna kitakachosogea, au jicho la kushoto litakunjika badala ya mdomo, au pua itapanuka. Ni kawaida, ubongo unapapasa kutafuta swichi. Usaidie kwa kuvuta pembe ya mdomo juu kwa kidole, achia kidole, na ujaribu kuishikilia hapo kwa sekunde moja kabla haijaanguka. Ile sekunde moja ndiyo zoezi. Rudia mara tano, pumzika, mara tano nyingine.

Baadaye ondoa vidole na utabasamu kwa pande zote, ukisimama pale ambapo upande dhaifu umefika. Usiruhusu wenye nguvu uupite. Kama kushoto kunafika nusu, kulia nako kuishie nusu. Tabasamu dogo lililo sawa lina faida kuliko kubwa lililopinda, na kila wiki unaongeza kidogo. Sikujua ugumu wa hili hadi nilipojaribu: kuzuia upande wenye nguvu kulinichosha zaidi kuliko kuamsha ule uliolala.

*Nyusi.* Zoezi hili ni la mwenye unyusi mmoja uliozoea kukaa juu. Weka kiganja kwenye paji upande huo, kikandamize kidogo, kisha pandisha wa pili kwa hesabu ya tatu. Mara tano zinatosha. Usizidishe, maana misuli ya paji ndiyo inayochora mikunjo, na yule anayechomwa sindano za kuondoa mikunjo analipia kuidhoofisha misuli hiyohiyo. Kwa wengi, kujikumbusha kulishusha paji mara kadhaa kwa siku kunatosha bila zoezi lolote.

*Macho.* Fumba macho yote mawili taratibu kama pazia linaloshuka. Kope zinafika chini pamoja? Ile inayochelewa, ifumbe peke yake kwa wepesi, bila kukunja pua wala kuinua shavu, mara tano. Kukonyeza kwa nguvu hakufundishi chochote ila mikunjo ya pembeni.

*Midomo na mashavu.* Jaza hewa mashavuni, ihamishe kulia, kushoto, juu ya meno ya mbele, chini. Hewa ikivujia pembe moja, hapo ndipo midomo imelegea, ibane kidogo kwa kidole kisha jaribu bila kidole. Halafu tumia lugha yako. Kiswahili ni kioo kizuri kwa kazi hii, kwa sababu irabu zake tano ni safi na kila moja ina umbo lake mdomoni. Tamka polepole *u, i, u, i*, ukitazama kama midomo inachongoka katikati ya mstari wa sabuni na kutanuka sawa pande zote. Maneno yanayoanza na m iliyosimama peke yake, *mtu, mto, mti, mke*, yanafunga midomo kabisa kabla ya kuifungua, na ukitazama vizuri utaona pembe inayofunguka kwanza. Soma aya nzima kwa sauti namna hiyo, ukitia chumvi kidogo kama msimulizi wa hadithi kwa watoto.

Hatua ya sita: kiasi, siku na wiki

Dakika nane hadi kumi, mara mbili kwa siku, siku tano au sita kwa wiki. Zaidi ya hapo msuli dhaifu huchoka, na ukichoka wenye nguvu unachukua usukani bila kukuuliza. Ukiona tabasamu la mwisho limepinda kuliko la kwanza, umepitiliza.

Wiki mbili za kwanza fanya kulegeza, taya na tabasamu la upande mmoja tu. Wiki ya tatu ongeza tabasamu la pamoja na irabu. Kuanzia ya tano, ongeza kasi: tabasamu linalokuja haraka na kuondoka haraka huku pande zikienda pamoja, maana tabasamu la maisha ya kila siku halisubiri hesabu ya tatu.

Utatarajia nini? Utafiti unaotajwa sana ni wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Wanawake 27 wa miaka 40 hadi 65 walipewa mazoezi ya uso ya dakika 30 kila siku kwa wiki nane, kisha siku moja ndiyo moja siyo hadi wiki ya 20. Waliomaliza walikuwa 16. Madaktari waliotazama picha waliona mashavu yamejaa zaidi, na umri waliowakadiria ulishuka kutoka karibu miaka 51 hadi 48. Ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, na kilichopimwa ni umri na ujazo, si ulinganifu. Anayekuonyesha utafiti huo kama uthibitisho wa uso kulingana hajausoma. Ushahidi ulio karibu zaidi na jambo letu unatoka kwa watu waliopooza uso: Uholanzi kumeendelezwa tiba inayochanganya fiziotherapia na sanaa ya kuigiza bila maneno, na wagonjwa waliokuwa na tatizo kwa muda mrefu walipata ulinganifu bora kuliko waliosubiri bila tiba. Mbinu zake zinafanana na ulizosoma hapa: kukanda, kulegeza, harakati ndogo, kioo.

Mambo ya kuepuka

Vifaa vya kutafuna, yale mabonge magumu ya mpira yanayouzwa kwa ajili ya taya, yanakuza misuli ya kutafuna tu na yanaweza kuchokoza kiungo cha taya. Mwenye upande mmoja uliovimba ndiye wa mwisho kuyahitaji. Vifaa vya umeme vya kushtua misuli viache kabisa kama uliwahi kupooza uso, isipokuwa mtaalamu akuelekeze.

Na lile nililoahidi kulirudia. Kama ukitabasamu jicho linajifunga lenyewe, au ukifumba jicho pembe ya mdomo inavutwa, hasa kwa aliyewahi kupooza, neva zimeota upya na kuunganika kusikokuwa kwake. Ukizidisha nguvu, muungano huo unakomaa. Hapo dawa ni harakati ndogo sana, mdomo ukienda huku jicho likifunzwa kubaki wazi, na msimamizi awe mtaalamu wa fiziotherapia ya uso.

Hatua ya saba: kupima

Kila baada ya wiki nne, rudi mahali pale pale, saa ile ile, simu ile ile. Fungua video kwanza. Mabadiliko huanza kwenye muda: upande uliochelewa unaanza kuondoka pamoja na mwenzake. Kisha hufuata kimo cha pembe za mdomo. Uso uliotulia hubadilika mwisho, na kwa wengine haubadiliki. Wiki 12 zikipita bila tofauti yoyote kwenye video, chanzo chako pengine ni meno au mfupa, na ada ya daktari mmoja itakufaa kuliko miezi mingine mitatu mbele ya kioo.

Ukiona maendeleo, punguza hadi siku tatu kwa wiki na uhamishie zoezi kwenye maisha. Washa kamera unapoongea na mtu kwa simu, sogeza picha yako pembeni, na ujikague mara moja moja unapocheka. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa video ya mkutano wa kazini niliyoitazama kwa bahati mbaya. Mtu alitania, nikacheka bila kujiandaa, na pembe zote mbili zilipanda pamoja. Ya kushoto bado inaishia chini kidogo. Kesho yake nilifuta mstari wa sabuni kwenye kioo.